Zoezi Moja, Safari Nne

Jumamosi saa mbili asubuhi, simama kando ya barabara inayoingia mji wa Kericho kutoka upande wa Kapsoit. Magari yatakupita yakiwa na mzigo wa aina moja: mzazi usukani, mtoto mmoja kiti cha nyuma, mfuko wa njumu ubavuni mwake. Gari la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, na ukichungulia utakuta watoto wote watatu wamevaa jezi ya rangi moja. Pembeni, kwenye njia ya miguu inayokata mashamba ya chai, vijana wa kambi za wafanyakazi wa chai nao wanakwenda kucheza, wakipokezana mpira njia nzima. Hao ndio watakaoingia uwanjani misuli ikiwa tayari imepata moto.

Makala haya ni ya hao wa kwenye magari. Watoto wengi wa Kericho na Bomet bado huenda michezoni kwa miguu, na hawana haja ya somo kutoka kwa mtu yeyote. Lakini kwa mwalimu, muuguzi, karani wa kiwanda cha chai na mwenye duka mjini, gari limeingia nyumbani na limekuja na desturi yake: mtoto hachezi mpaka apelekwe. Baada ya muda, mazoezi mara tatu kwa wiki yanageuka kuwa kazi ya udereva, na mafuta yanakula fedha kuliko ada ya kocha.

Tuanze na hesabu, maana wengi hatuifanyi. Tuseme uwanja uko kilomita 12 kutoka nyumbani. Unampeleka mtoto, unarudi nyumbani kuendelea na shughuli, unakwenda tena kumchukua, mnarudi. Zoezi moja limezaa safari nne, kilomita 48. Mara tatu kwa wiki ni kilomita 144. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 12, na lita ikiwa shilingi 180, hizo ni shilingi 2,160 kila wiki kwa mtoto mmoja na mchezo mmoja. Mwezi wa Oktoba 2023 petroli ilipopita shilingi 217 Nairobi, mwendo huo huo ulizidi shilingi 2,600. Fanya hesabu yako kwa bei ya sasa. Hubadilishwa tarehe 15 ya kila mwezi, kwa hiyo ni vyema kuirudia.

Sasa tazama mahali palipo rahisi kupunguza. Mzazi akibaki mjini wakati mtoto anacheza, safari mbili zimekufa papo hapo. Saa moja na nusu ni muda wa kutosha kwenda sokoni, kwa fundi viatu, kwa kinyozi, kulipa ada benki ikiwa ni Jumamosi asubuhi. Hayo yote ungeyarudia mjini siku nyingine, kwa gari hilo hilo. Nashangaa ni wangapi huendesha kilomita 12 kurudi nyumbani, wakanywa kikombe kimoja cha chai, kisha wakatoka tena.

Mlete kocha, si watoto

Njia kubwa kuliko zote ya kupunguza safari haina uhusiano na gari. Ni kuuliza kwa nini uwanja uko mbali hivyo.

Mzazi wa Kapsoit, Sosiot au Ainamoi hupeleka mtoto mjini kwa sababu huko ndiko kocha aliko. Uwanja wenyewe si sababu. Mtoto wa miaka tisa hahitaji majukwaa ya uwanja wa Kericho Green wala ya Bomet Green. Anahitaji nyasi, koni chache, mpira usiovuja na mtu mzima anayejua kazi yake. Basi ikiwa watoto kumi na watano wa eneo lenu wanasafiri kumfuata mtu mmoja, mgeuzeni huyo mtu asafiri. Nauli ya kocha kwa matatu au bodaboda, mkichangiana familia kumi na tano, haifiki bei ya lita moja kwa kila nyumba. Magari kumi na tano yanabaki chini ya miti.

Mahali pa kuchezea ni pengi kuliko tunavyodhani. Karibu kila shule ya msingi ina kiwanja, na Jumamosi vingi huwa na ng'ombe watatu tu. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, naye ataipeleka kwa bodi ya shule. Katika barua semeni siku na saa, idadi ya watoto, jina la mtu mzima atakayewajibika, na kwamba mtaokota taka na kufunga lango. Jambo hilo la mwisho ndilo linalopitisha barua. Mkiweza, ahidini pia kitu kwa shule: kukata nyasi, kurekebisha magoli, au kuwaacha watoto wa shule hiyo wajiunge bila malipo. Ukweli ni kwamba hao wa mwisho mara nyingi ndio watakaowafundisha wenu kupiga chenga.

Kwenye mashamba makubwa, yale yaliyojulikana kwa muda mrefu kwa majina ya Brooke Bond na James Finlay, kambi nyingi za wafanyakazi zina kiwanja cha mpira. Hapo ruhusa haitoki kwa mchezaji uliyemkuta. Pitieni kwa mzee wa kambi, kisha ofisi ya shamba, mkiwa na majina ya watoto yameandikwa, kwa sababu mlinzi wa lango atataka kuyaona.

Mbio ni rahisi zaidi. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vilima vimejaa kila upande. Wilson Kiprugut, aliyeipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki kwa shaba ya mita 800 Tokyo mwaka 1964, kisha fedha Mexico City mwaka 1968, alikuwa mtu wa Kericho. Mtoto anayeanza kukimbia hana sababu ya kupakiwa kwenye gari ili akakimbie mahali pengine. Kuogelea ndiko kunakokataa mpango huu: mabwawa ni machache, mengi ni ya hoteli na vilabu, na hayahamishiki. Kwa kuogelea, safari zenu zipunguzeni kwa kupanda gari moja.

Zamu, kama ya chama

Kupanda gari moja si elimu mpya kwa watu wanaojua chama. Kila mwezi mmoja anachukua fungu, wengine wanangoja, na hakuna anayelala akiwa na wasiwasi kwa sababu zamu imeandikwa. Gari nalo lizungushwe hivyo.

Rudi kwenye hesabu yetu. Familia tatu, mazoezi mara tatu kwa wiki, kila familia inaendesha siku moja na dereva wa siku hiyo anabaki mjini. Ni kilomita 24 kwa wiki kwa kila nyumba badala ya 144. Lita mbili badala ya 12. Shilingi 360 badala ya 2,160. Na jioni mbili kila wiki umezipata bure, jambo ambalo wazazi wengi, wakisema kweli, wanalitamani kuliko fedha.

Msiwe wengi. Familia tatu au nne zatosha. Zikifika saba, kila siku kuna mtu aliyechelewa na kikundi cha WhatsApp kinajaa salamu za asubuhi hadi ujumbe wenye maana haupatikani. Kaeni pamoja mara moja kabla ya muhula kuanza. Kama kokwet yenu, baraza la kijiji, hukutana Jumapili baada ya ibada, tumieni mkutano huo huo. Andikeni zamu kwenye karatasi moja, kila mmoja aibandike kwenye mlango wa kabati. Ratiba ya simuni tu hupotea siku ile simu inapoishiwa chaji.

Ujumbe wa siku ya zamu uwe mfupi, na uwe wa namna moja kila mara: “Habari za asubuhi wazazi wenzangu. Leo zamu yangu. Nina mikanda minne. Natoka kituo cha kupimia chai saa mbili kasorobo, nangoja dakika tano. Tutarudi hapo hapo saa tano na nusu.” Anayerudisha watoto aandike tena wakishashuka wote, akitaja idadi.

Neno mikanda limewekwa hapo makusudi. Idadi ya watoto ni idadi ya mikanda inayofunga, basi. Sheria ya mikanda imekuwapo tangu Februari 2004, lakini kwenye gari la nyumbani tunajisamehe upesi: wawili mkanda mmoja, mdogo amepakatwa, mwingine nyuma kwenye mizigo na mipira. Atakayepunguza magari kwa kuwabana watoto ndani ya moja hajapunguza kitu, amehamisha tu hatari. Kama mikanda ni minne na watoto ni watano, wa tano ana nafasi kwenye zamu nyingine au mnahitaji gari la pili. Sambaza, ule mtindo wa kuwabana abiria wa ziada, iachwe huko huko kwenye matatu, na hata huko haifai.

Kuhusu fedha, nina shauri moja ambalo litaonekana la ajabu: msilipane. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu kubeba watu kwa malipo, na ajali ikitokea siku ambayo kila mtoto alikuja na noti ya shilingi mia, kampuni inaweza kugoma kulipa. Zamu inafanya kazi hiyo bila noti. Na asiye na gari? Asiondolewe kwenye mpango. Achukue jukumu jingine lenye uzito: kutembea na watoto hadi kituoni, kutunza mipira, kupika uji wa Jumamosi, kusimamia mazoezi hadi mwisho wakati dereva yuko sokoni. Kikundi kinachohesabu magari peke yake huishia kuwaacha nje watoto ambao mpira wao ni mzuri.

Kabla ya zamu ya kwanza, kila mzazi awe na namba za wenzake, ajue nani ana pumu au mzio, na pawe na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Asiyekuwa kwenye orodha, hata akiwa mjomba anayejulikana kijiji kizima, hapewi mtoto mpaka mzazi apigiwe simu. Ni adabu ngumu katika jamii yetu, ndiyo maana inafaa ikubaliwe mapema wote wakiwa wamekaa kitako, isije ikaonekana ni dharau siku ya siku. Na watoto wakae zaidi ya mmoja garini kila inapowezekana, hadi mlango wa mwisho.

Mkutane wapi

Nimetaja kituo cha kupimia chai, na si kwa ajili ya mapambo. Kila mkulima anajua kilipo cha kwake, kina paa, kiko kwenye barabara inayopitika hata mvua ikinyesha kwa sababu lori la kiwanda lazima lifike, na mara nyingi kiko hatua chache kutoka njia kuu. Jambo moja tu la kuuliza ni saa za kupima na saa za lori, ili watoto wasisongamane na magunia na matairi. Uwanja wa kanisa au lango la shule pia vinafaa.

Pasipofaa ni stejini kwenye barabara kuu. Ijumaa jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani likaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa pembeni mwa barabara wakifanya shughuli za kawaida. Mahali pa namna hiyo, penye mteremko, malori, matatu na meza za mboga, si pa kuwangojesha watoto wanaorushiana mpira. Kusogea mita mia mbili ndani kunamgharimu dereva dakika mbili tu za ziada.

Kwa miguu, na kwa vyombo vingine

Chini ya kilomita mbili, gari halina kazi. Mtoto wa darasa la nne hutembea kilomita mbili kwa nusu saa bila kulalamika, akiwa na wenzake. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoupa mwili kazi. Kwenda tu kwa mwendo wa haraka kumeshachukua sehemu nzuri kabla kocha hajapuliza filimbi.

Kinachowazuia wazazi ni usalama, na hofu hiyo ina msingi. Huko Uingereza na Australia, tangu miaka ya 1990, shule zimekuwa zikipanga watoto katika misafara ya miguu yenye njia, vituo na saa kama basi. Sisi tulikuwa nayo kabla haijapewa jina, ila bila mtu mzima. Ongezeni huyo mtu mzima. Mmoja atangulie, mwingine afunge mkia, mdogo kuliko wote awe nyuma ya yule wa kwanza, kwa sababu mwendo wa kundi ni mwendo wake. Pasipo na njia ya miguu, tembeeni upande wa kulia ili myaone magari yanayokuja. Kuvuka barabara kuu ni kwa kundi zima mara moja, watu wazima wakiwa pande zote mbili. Watembee na gambuti, njumu zikiwa mfukoni. Njumu zilizotembezwa kwenye lami hazimalizi muhula. Ndani ya mashamba, fuateni njia iliyoruhusiwa na msikate katikati ya mistari ya chai, hata kama mguu wa mtoto unaona ni karibu.

Mipira, koni na nyavu ndivyo vinavyolazimisha gari kuliko watoto wenyewe. Kasha la mbao lenye kufuli, katika stoo ya shule iliyo jirani na kiwanja, limewahi kuondoa gari zima kwenye ratiba.

Bodaboda sheria inairuhusu kubeba abiria mmoja, naye avae helmeti. Mshikaki wa watoto watatu na mpira juu ya tangi ni safari mbili zilizopungua na mazishi yanayonyemelea. Sitaongeza neno hapo. Matatu kwa vijana wa miaka kumi na miwili kuendelea ni jambo zuri, maana gari hilo litakwenda mjini liwe na mtoto wako au lisiwe. Wapande watatu au zaidi, wawe na nauli kamili, na wakatae gari lililojaa. Kuwafundisha kukataa ndiyo kazi. Makanga wana maneno matamu.

Siku ya mashindano

Michezo ya shule hupanda ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa. Kwa shule za sekondari, muhula wa kwanza kwa kawaida una riadha, mpira wa vikapu, magongo, raga ya wachezaji 15. Wa pili una soka, voliboli, netiboli na raga ya saba. Basi la shule, lile la manjano, hupeleka timu. Kinachojaza barabara ya Litein au ya Sotik siku hizo ni magari ya wazazi yanayolifuata basi nyuma, moja moja, kama maandamano ya harusi.

Shule zinazocheza siku moja kwenye kiwanja kimoja zizungumze wiki moja kabla. Timu mbili za netiboli ni watoto kama ishirini na wanne pamoja na wa akiba; basi moja linawameza na viti vinabaki kwa wazazi watakaochangia mafuta kupitia shule, kwa risiti. Walimu wa michezo wanaweza pia kupanga umri ufuatane: wa chini ya miaka 10 wacheze saa tatu, wa chini ya 13 saa nne na nusu, ili mama mwenye wawili aje mara moja. Ni ombi dogo, lakini walimu hawalijui mpaka liombwe. Mwenye watoto wawili katika michezo miwili tofauti, siku tofauti, ana haki pia ya kusema hapana kwa mmoja wao hadi muhula ujao. Mtoto hatakufa.

Mvua

Hapa hewa ya ziwa hupanda milima mchana, na ikifika alasiri huangusha mvua. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Mazoezi ya saa kumi jioni, hasa kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo yanayozaa safari za bure: watoto wamefika, wingu limefika, kila mzazi anarudi mbio na gari lake kuokoa wake. Hamishieni asubuhi kila mnachoweza. Siku za wiki, fanyeni mazoezi hapo shuleni mara tu masomo yanapokwisha, watoto wawe nyumbani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua linapokaribia kuzama na ukungu kuanza kushuka.

Mchagueni mtu mmoja wa kuamua kama mazoezi yapo, anayeishi karibu na kiwanja, si kocha aliye mbali anayetazama anga ya kwake. Akague kiwanja saa moja asubuhi, atume neno moja, ndiyo au hapana, na baada ya hapo asibishaniwe. Ngurumo zikianza watoto wakiwa tayari uwanjani, waingie darasani au ukumbini na wangoje hapo pamoja na mtu mzima wa zamu. Wasijikinge chini ya mikaratusi. Dereva wa siku hiyo aje saa iliyopangwa, peke yake. Wengine mbaki nyumbani, muweke maji ya kuoga motoni.